Raifo ya mzee au ya plastiki? Mwongozo kamili wa kuchagua, kwa sisi wa Tanga

Ba mdogo wangu analima mahindi na ufuta upande wa Handeni, na siku aliyokubaliwa na polisi kumiliki raifo alinipigia simu usiku, akasema mwanangu nna bunduki mbili mbele yangu na sijui nichukue ipi. Ya kwanza Mauser ya zamani ya Mjerumani, mbao yake imekoza rangi kama kahawa, ilikuwa ya marehemu mzee mmoja aliyewahi kusimamia shamba la mkonge na familia yake inataka kuihamisha kisheria kwa mtu mwenye sifa. Ya pili Tikka mpya, kitako plastiki nyeusi, ipo kwa wakala wa silaha Dar. Moyo wake wote uko kwenye ile ya mzee, nilimsikia tu sauti. Nikamwambia shikamoo kwanza, afu usilipe hata shilingi mpaka nije.

Haya ntakayoandika hapa ndo yale tuliyopitia mimi na yeye, pamoja na makosa. Nianze na kitu kimoja ambacho watu wengi wanakigeuza kichwa chini: zamani au kisasa ni swali la mwisho. Kabla yake kuna sheria, kuna kazi, kuna risasi, kuna hali ya chuma chenyewe na kuna bega lako. Ukishajibu hayo matano mara nyingi bunduki inakuwa imeshajichagua yenyewe, na wala hutabishana na mtu kijiweni.

HATUA YA KWANZA: SHERIA, NA HAPO SEMI-OTOMATIKI INATOKA

Najua vijana wengi mkisikia raifo mnawaza ile ya kujikoki yenyewe, unafyatua inatupa ganda inajipakia, unafyatua tena. Mgambo wanaijua kama SAR, ile SKS ya Mrusi ya mwaka 1945 inayoingia risasi 10. Sasa kwa kuwinda hapa Tanzania semi-otomatiki hairuhusiwi, hata watalii wa kuwinda wanaokuja na bunduki zao wanaambiwa mapema waziache kwao. Kwaiyo kwa mkulima au mwindaji wa Handeni, Pangani au Bagamoyo ushindani ni kati ya bolti ya zamani na bolti ya kisasa, yaani ile unayonyanyua mkono wa bolti, unavuta, unasukuma, ndo risasi inaingia. Ya semi-otomatiki ntayagusa baadae kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani maana binamu yangu kanisumbua nayo sana.

Sheria inayotawala ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Safari inaanzia chini kabisa, kwa mtendaji na kamati za ulinzi na usalama, inapanda polisi wilaya, mkoa, mpaka kwa msajili. Ba mdogo alienda rudi nyingi mpaka viatu vikaisha soli. Fomu na ada ziulize kituoni kwako, usiniulize mimi wala jirani, na ukikutana na mtu anakwambia ana njia ya mkato huyo anakupeleka jela.

Vitu viwili watu wanachanganya. Leseni ya silaha sio kibali cha kuwinda, hivi ni vitu viwili tofauti na ofisi ni tofauti. Kuwa na raifo halali hakukupi ruhusa ya kumpiga hata swala mmoja. Na tembo akiingia shambani, sisi tulio karibu na Saadani na Mkomazi tunajua hiyo habari, unaita askari wanyamapori, hushiki bunduki. Pia bunduki haihami kwa maneno ya kifamilia. Marehemu kaacha raifo, watoto hawana haki ya kuigawana kama mashamba, inakwenda polisi kwanza. Kama kuna ndugu kaikuta moja imefichwa darini na haina karatasi, asiipake mafuta, asiifanyie majaribio, aende kuisalimisha, na Jeshi la Polisi huwa linatangaza vipindi vya msamaha kwa ajili hiyo.

HATUA YA PILI: JIULIZE KAZI

Hapa fupi tu. Kama ni nguruwe pori na swala kwa kibali halali, kalaiba (ukubwa wa risasi) kama .308 au .30-06 inatosha na inazidi. Kama unalenga mnyama mkali mfano nyati, kwetu kiwango cha chini ni .375, na hapo hata usinisikilize mimi, tafuta mwindaji bingwa akufundishe. Kama ni kulinda mali tu na umbali wako ni kutoka barazani mpaka bandani, pengine shotigani ndo jibu na huhitaji raifo kabisa. Ba mdogo yeye alikuwa na nia ya kuwinda kwa kibali na ruhusa yake ilikuwa ya raifo, basi tukaendelea.

HATUA YA TATU: RISASI KABLA YA BUNDUKI

Hapa ndo pesa za watu zinapopotelea, ntakaa kidogo.

Raifo nyingi za kizamani ukanda wetu ni matunda ya Mjerumani na Mwingereza. Mjerumani alileta mkonge Tanga mwaka 1893, Richard Hindorf na miche yake iliyobaki michache baada ya safari, na walowezi waliokuja nyuma yake walikuja na Mauser. Mwaka 1905 kule Berlin fundi anaitwa Otto Bock akatengeneza risasi ya 9.3x62 mahsusi kwa watu wa makoloni, iwe na nguvu ya kumwangusha mnyama mkubwa lakini iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida ya bei ndogo. Mwingereza nae akaja na .303 yake na ile Lee-Enfield. Ni risasi nzuri zote, hazina ubaya hata chembe, ila nenda kwa wakala leo uliza 9.3x62 uone atakavyokuangalia. Unaweza kuipata, unaweza usiipate mwaka mzima, na bunduki isiyo na risasi ni mchi wa gharama.

Sasa kuna mtego mmoja wa hatari, na ndo uliotukuta sisi. Mauser ya 8x57. Watu wanasema "milimita nane" basi wanaona yameisha. Hapana. Zipo mbili. Ya mwanzo kichwa chake cha risasi ni kama milimita 8.08. Mwaka 1905 jeshi la Mjerumani likabadilisha likaweka kichwa kipana zaidi, kama milimita 8.20, na presha kubwa zaidi. Ile ya zamani inaandikwa 8x57 I, wengine wanaandika J, na ile mpya ina herufi S mwishoni, IS au JS. Ganda ni lilelile, inaingia chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) zote mbili vizuri tu bila kukwambia kitu, lakini ukiweka yenye S kwenye mtutu usio wa S unalazimisha kichwa kipana kipite kwenye tundu jembamba, na presha inapanda hapo ulipoweka shavu lako. Bunduki za kuwindia za kiraia za Kijerumani ziliendelea kutengenezwa na mtutu wa zamani miaka mingi hata baada ya 1905, kwaiyo usijidanganye na mwaka wa kutengenezwa.

Ile ya mzee wa mkonge tuliiangalia kwa wakala mwenye leseni, tukaitoa kwenye mbao, tukasoma chini ya mtutu. Hakuna S. Risasi zilizokuwa kwenye boksi lililokuja na hiyo bunduki? Zina S. Sijui marehemu alikuwa anapiga nazo au alizinunua zikakaa, ila fundi alinyamaza kidogo afu akasema hizi msizitie humo. Ba mdogo akakaa chini kwenye benchi.

Upande wa kisasa, Tikka, Ruger, CZ na wenzao zinatoka kwa .308 au .30-06 au .375, zote ni kalaiba za zamani kwa kweli (.30-06 ni ya 1906, .375 H&H ya 1912, .308 ya 1952) ila viwanda dunia nzima bado vinazitengeneza kila siku. Ukipata raifo ya zamani iliyo kwenye moja ya hizo, mfano Brno ya Kicheki ya .30-06, hapo umepata vyote viwili na mimi ningeichukua kabla ya plastiki.

Na risasi zenyewe za zamani, zile za boksi limechoka, achana nazo. Pwani hii ina historia nayo. Aprili 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Mjerumani iitwayo Rubens ilikuja kuvunja mzingiro wa Waingereza, ikakimbizwa ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga hapo, ikapigwa na HMS Hyacinth ikazama kwenye maji mafupi. Wajerumani wakatoa bunduki na risasi ndani ya maji, wakawa wanazifungua risasi moja moja, wanakausha baruti, wanafunga tena, na bado nyingi zilikuwa hazilipuki. Hilo ni jeshi lenye mafundi. We na boksi lako lililokaa darini Ngamiani na unyevu wa bahari miaka 30 utafanyaje? Risasi inayochelewa kulipuka ndo mbaya zaidi, unafikiri imegoma unafungua bolti nayo inalipuka nje. Ikigoma, mtutu uelekee sehemu salama, hesabu sekunde 30 bila kugusa bolti, ndo ufungue.

Kingine, risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) yenye chumvichumvi ndani. Ukishapiga chumvi inabaki kwenye mtutu, inanyonya unyevu, na kwa hewa ya Tanga kesho yake asubuhi unakuta kutu. Mafuta peke yake hayaiondoi, inaondolewa na maji ya moto, unapitisha, unakausha, ndo unapaka mafuta. Ukiona mtutu wa zamani umechimbika ndani kama uso wenye makovu ya ndui, mara nyingi chanzo ni hicho na sio kupigwa sana.

HATUA YA NNE: KUIKAGUA

Kagua kwa wakala au mbele ya polisi, usikague sebuleni kwa mtu. Na kila ikibadilisha mkono, fungua bolti, angalia kwa jicho na ingiza kidole kwenye chemba, hata kama mtu ameshaangalia sekunde tatu zilizopita mbele yako. Usione haya.

Anza na namba. Namba ya kwenye chuma ilingane na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kwenye Mauser na Lee-Enfield angalia pia namba ya bolti kama inalingana na ya mwili, maana zilipopita majeshini na kwenye maghala bolti zilichanganywa, na bolti ya bunduki nyingine inaweza isikae sawa. Hapo fundi anatumia vipimo maalum kuona nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Nafasi ikizidi ganda linapasuka na gesi inakurudia usoni. Hicho kipimo hakikadiriwi kwa macho, kama fundi hana vipimo tafuta fundi mwingine.

Afu mtutu. Safisha kwanza, muuzaji mjanja anaacha uchafu ufiche makovu. Toa bolti, angalia kwa nyuma na tochi ndogo mbele. Unataka mistari yenye kona kali inayozunguka, inayong'aa. Weusi kidogo unavumilika, mashimo karibu na chemba hapana. Angalia mdomo wa mtutu kama umegongwa au umelika upande mmoja, maana wazee walikuwa wanasafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele, miaka 50 fimbo inakwangua, na raifo inaacha kulenga hata kama ndani kote ni kuzuri. Fundi akichukua risasi ya bandia akaichomeka kichwa mdomoni, ikizama mpaka ganda linagusa chuma, mdomo umekwisha.

Mbao sasa. Hapa pwani mbao inavimba masika na inasinyaa kiangazi, na chuma kimekaa juu yake, kwaiyo mbao ikisogea shabaha inasogea. Tafuta ufa nyuma ya mkia wa chuma pale kidole gumba kinapokaa. Mwambie fundi aitoe kwenye mbao, kutu mbaya inajificha chini, usawa ambao jasho na maji ya mvua yanatuama. Ile ya mzee juu ilikuwa inang'aa kama sahani ya sikukuu, chini ilikuwa na mstari mwekundu wa kutu kuanzia mbele mpaka nyuma.

Triga na sefti. Chemba tupu, hakikisha tena. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, achia, afu toa sefti. Ikilia "tak" yenyewe wakati unatoa sefti, hiyo bunduki inaua mtu siku moja, irudishe. Koki tena bila sefti, gonga kitako kwenye zulia, isifyatuke. Triga za kijeshi za zamani zina hatua mbili, unavuta mwanzo inakuja laini afu inakutana na ukuta, huo sio ubovu ndo zilivyo. Na usimruhusu mtu akulainishie triga kwa tupa, nimeona moja ililainishwa hivyo ikawa inafyatuka mlango ukifungwa.

Je ya kisasa haikaguliwi? Inakaguliwa, haraka zaidi. Risiti, namba, mtutu, sefti, na uangalie ile plastiki ukiibana mbele karibu na mtutu kwa mkono, za bei ya chini zinapinda mpaka zinagusa mtutu, na ukiegemeza kwenye gogo kupiga shabaha inahama.

HATUA YA TANO: BEGA LAKO

Simama, fumba macho, inua bunduki tupu uiweke begani kama unavyojisikia, elekeza ukutani sehemu salama, fumbua. Jicho likiwa limeshakaa kwenye mstari wa kulenga bila kuhangaisha shingo, inakufaa. Ukikuta unatafuta, kitako kirefu au kifupi. Bunduki za kijeshi za zamani mara nyingi kitako chao kiko chini maana zilitengenezwa kwa kulenga kwa vyuma, ukiweka darubini juu inabidi uinue shavu hewani, na shavu lililo hewani linakula teke vizuri sana.

Uzito nao watu wanaukosea. Mpya nyingi zinatangazwa nyepesi, kilo 3 hivi au pungufu. Kutembea nayo raha, kupiga nayo karaha, maana teke linalomezwa na chuma kizito kwenye nyepesi unalimeza wewe. Mauser ya kuwindia ya kilo 3 na nusu na mbao yake inapiga kwa ustaarabu kuliko. Kwa .375 usichukue nyepesi, chini ya kilo 4 utaanza kufumba macho kabla ya kufyatua na hapo hutapiga kitu.

HATUA YA SITA: KULENGA NA BOLTI

Hapa ndo ya zamani inapata pointi zake. Mauser 98 ina kikucha kikubwa kinachoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka inapotupwa nje, hata ukiigeuza kichwa chini inapakia. Ndo maana bunduki za wanyama wakali mpaka leo zinaigiza mtindo huo. Nyingi za kisasa zinasukuma tu risasi mbele bila kuishika, na kwa nguruwe pori hutaona tofauti. Pia za zamani zinakuja na vyuma vya kulengea, wakati mpya nyingi zinakuja kipara kabisa juu, wanajua utaweka darubini. Kwenye vichaka vyetu ambapo mnyama unamwona mita 30, vyuma vina kazi.

Ila kuweka darubini kwenye Mauser ya kijeshi ni mradi: mwili utobolewe, mkono wa bolti ulionyooka upindishwe usigonge darubini, sefti ile ya bawa ibadilishwe. Ukijumlisha ufundi wote unakuta umeshanunua mpya, na umeharibu kitu cha kale juu yake. Kama Mauser iko kamili kama ilivyotoka kiwandani, iache hivyohivyo au usiinunue.

Kuna hadithi wazee wa Tanga wanapenda, kwamba nyuki ndo waliowapiga Waingereza kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914. Nyuki walikuwepo kweli na walichoma watu. Lakini kwenye bunduki somo ni jingine. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa na zile bunduki za mwaka 1871, baruti nyeusi, ukipiga moshi mweupe unainuka na adui anajua ulipo. Walishinda nazo, tena wakiwa wachache mbele ya jeshi kama la watu 8,000, afu kitu cha kwanza walichofanya ni kukusanya bunduki za kisasa zilizoachwa ufukweni, za kutosha kampuni tatu, na bunduki za rashasha 16. Hakuna aliyesema ya zamani ina heshima yake.

KWA WALIOKO MAREKANI

Binamu yangu yuko Texas, kule semi-otomatiki raia ananunua, na aliniuliza achukue M1 Garand au AR-15. Sheria za kule zinatofautiana jimbo kwa jimbo, California kwa mfano inabana sana, na mgeni asiye raia ana masharti yake mengine kwa hiyo cha kwanza aangalie hadhi yake ya uhamiaji kabla ya kuingia dukani.

Garand ilipokelewa na jeshi lao 1936. Kilo 4 na ushee, .30-06, risasi 8 kwenye klipu ya chuma inayoruka nje na kulia "ping" zikiisha. Chuma na mbao tupu, teke limetulia, raha ya kulenga shabaha kwa vyuma haina mfano. Ubaya wake: haitaki risasi yoyote ya .30-06 unayokuta dukani. Nyingi za kuwindia za leo zina baruti inayoungua polepole, presha inayofika kwenye mfumo wa gesi inazidi, na ule mkono mrefu wa chuma unaosukuma bolti unapinda. Tafuta zilizoandikwa kwamba ni za Garand. Na kuweka darubini ni shida maana klipu inaingilia juu.

AR-15 aliibuni Eugene Stoner miaka ya 1950 mwishoni, alumini na plastiki, kama kilo 3. Kitako kinarefushwa na kufupishwa kwa hiyo yeye na mkewe wote wanaitumia, darubini inakaa dakika mbili, spea ziko kila kona, risasi ni rahisi. Aangalie tu mtutu umeandikwaje: ulioandikwa 5.56 unakula na .223, ulioandikwa .223 usiulishe 5.56, presha haifanani. SKS nayo ipo kule kama ya kizamani, 7.62x39, ngumu kama jembe, ila lazima ifunguliwe bolti isafishwe grisi ya ghalani kabla ya kupiga, pini ya kufyatulia ikiganda mbele inaweza kufyatua mfululizo bila kuulizwa. Na kuna Ruger Mini-14, sura ya kizee tumbo la kisasa, inakula .223. Nilimwambia kama ni bunduki moja tu ya kujifunzia achukue AR, Garand iwe ya pili siku akiwa na pesa ya risasi zake. Akanunua Garand. Watu wa ukoo wetu ndo tulivyo.

HATUA YA SABA: KUITUNZA PWANI

Ba mdogo alichukua Tikka ya .308, huku amenuna. Ile Mauser ilirudi kwa wakala na familia ikaendelea na utaratibu wao na polisi.

Kununua plastiki hakukuokoi na chumvi. Mtutu na bolti bado ni chuma, na hata kile wanachoita chuma kisichoshika kutu kinashika ukikizembea. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au turubai, inanyonya unyevu na kuukumbatia kwenye chuma. Sefu lifungwe ukutani, ndani weka vile vifuko vya kunyonya unyevu na uvibadilishe, bolti kaa nayo sehemu nyingine na risasi sehemu ya tatu yenye kufuli yake. Masika fungua uifute kila wiki, kiangazi hata mwezi mara moja inatosha. Futa alama za vidole, jasho letu nalo lina chumvi.

Na mafuta ya nazi, jamani. Nimekuta bunduki imepakwa mafuta ya nazi na mtu mzima kabisa, inanukia kama wali. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mwenye bunduki alipanda nayo Lushoto mwezi wa saba, asubuhi bolti ikawa inasukumwa kama toroli kwenye matope. Tumia mafuta ya bunduki, kidogo tu, tone, afu futa. Kabla ya kupiga pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu.

Kurekebisha shabaha kunafanyika kwenye uwanja ulioruhusiwa tu, sio shambani nyuma ya muhogo. Anza mita 25, piga tatu, rekebisha, afu nenda 100. Tumia boksi la aina moja ya risasi maana ukibadili uzito wa kichwa shabaha inahama. Skrubu za darubini na zile zinazoshika kitako zikaze sawasawa na uziwekee alama ya rangi ya kucha, mstari mmoja unaovuka skrubu na chuma, ili ikilegea uone. Ba mdogo aliomba ya mkewe, nyekundu. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi kutoka Handeni mistari miwili ilikuwa imeachana, tukakaza, tukarudi uwanjani, na ndo siku hiyo akapiga matatu ndani ya kifuniko cha chupa ya chai kwa mita 100, akaigeuza akaiangalia ile plastiki muda mrefu, afu akaniuliza kama kuna mtu Tanga anaweza kuitengenezea kitako cha mbao.